Gari la Safari Ndefu kwa Familia ya Watu Watano: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi

Familia inayozungumziwa hapa inaishi Donholm, mashariki mwa Nairobi. Ni watu watano: baba ambaye ni mhasibu, mama ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi wa baba huyo, bibi aliyekwisha kuvuka miaka sabini na ambaye magoti humsumbua. Kwao ni Kakamega, mwendo wa takriban kilomita 400 ukipitia Nakuru, Timboroa, Eldoret na Kapsabet, na huenda huko kila shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba. Aghalabu mara moja kwa mwaka huteremka Mombasa, kilomita 480 hivi. Siku nyingine zote gari lao huwapeleka watoto shuleni, humfikisha baba Upper Hill, hupitia sokoni jioni, na hapo huwa limemaliza kazi.

Kwa miaka mingi wametumia Toyota Fielder ya 1500cc, gari ambalo halijawahi kuwalaza njiani. Walitaka kuliacha kwa sababu kila safari ya Kakamega huwafikisha wakiwa hoi, dereva akiwa na mabega yaliyokakamaa na bibi akihitaji siku nzima ya kunyoosha miguu. Bajeti yao ilikuwa shilingi milioni tatu na nusu, usajili na bima vikiwa ndani. Waliniomba ushauri, na mama akanipa orodha aliyoiandika kwa mwandiko safi wa kimwalimu: viti vya ngozi, paa la kioo, skrini kubwa, kamera pande zote nne, na mfumo wa kudhibiti mwendo unaofuata gari la mbele wenyewe.

Orodha hiyo haina ubaya, ila imeanzia mwisho. Mtu anayesafiri kwa barabara kuu zetu huchoshwa kwanza na trela. Barabara ya Eldoret na ile ya Mombasa kwa sehemu kubwa zina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Sheria inaliruhusu gari la kibinafsi kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya namna hiyo, na 110 kwenye barabara pacha, lakini mwendo halisi huamuliwa na lori lililosheheni ambalo linapanda mlima kwa kilomita 30 kwa saa, likiwa na mengine matatu nyuma yake yaliyoshikana kama mkufu. Dereva wa gari lisilo na nguvu hukaa hapo akichungulia, anatoka, anarudi, anatoka tena, huku abiria wote wakikanyaga breki zisizokuwepo. Saa mbili za hali hiyo huchosha kuliko kiti kibaya, na hakuna ngozi ya kiti itakayoziponya. Kwa hiyo swali la kwanza nililowauliza lilihusu nguvu itakayobaki gari likiwa limejaa watu na mizigo, katika sehemu ya juu kabisa ya safari yao.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia katika hesabu, na wanunuzi wengi hawaukumbuki. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyokuwa na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kule Timboroa ni mita 2,700 hivi. Fielder yao, ambayo kiwandani ilipewa nguvu za farasi mia moja na ushei, inapofika huko hubakiwa na chini ya themanini, na hizo themanini ndizo zinazotakiwa kuwavuta watu watano pamoja na mahindi, ndizi na kuku wa kurudi nao mjini. Injini yenye turbo huusukuma upepo ndani kwa nguvu, kwa hiyo hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umechukua. Ukitazama hesabu hii peke yake, uamuzi ungekuwa umekwisha: nunua gari lenye turbo. Lakini gari huishi maisha yote ya mwenyewe, haliishi Timboroa pekee.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limefikisha miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa kuwa walianza kutafuta mwaka 2025, kikomo chao kilikuwa magari ya 2018. Juu ya bei ya Japani kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini inayozidi 1500cc, na VAT ya asilimia 16, kila kimoja kikikokotolewa juu ya kilichotangulia. Gari la dizeli linalozidi 2500cc hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, na hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya Prado ya dizeli ya lita 2.8 kuwa ndoto kwa mwenye milioni tatu na nusu. Baba, ambaye moyo wake ulikuwa kwa Prado tangu mwanzo, alipendekeza ile ya zamani ya petroli iliyokwisha kutumika hapa nchini. Nilimkatalia bila kuzunguka. Injini yake ya lita 2.7 ina farasi wapatao 160 wa kuvuta mwili wa tani mbili na zaidi, na haina turbo. Mlimani ingemrudisha palepale alipotoka, tena kwa gharama kubwa zaidi ya mafuta.

Yalibaki magari matatu: Toyota Harrier ya lita 2.0, Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, na Subaru Outback ya lita 2.5. Harrier ya kawaida ina farasi 151. Iko Harrier ya turbo yenye farasi 231, lakini zile tulizoziona zilizidi bajeti, na injini hiyo kule Japani imeandikiwa petroli ya oktani ya juu. Ya haibridi, inayotumia petroli pamoja na umeme, ni tulivu na inabana mafuta mjini, ila nayo bei yake ilikuwa juu ya uwezo wao. CX-5 ya mwaka 2018 ina farasi 190 na toki, yaani nguvu ya mzunguko inayosukuma gari, ya Nm 450, ambayo hupatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, na gia zake sita ni za otomatiki ya kawaida. Outback ina farasi 175, toki ya Nm 235, na gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Kwa hesabu ya Timboroa, farasi wa Outback hushuka hadi 130 hivi, wa Harrier hadi 110, na Mazda hubaki karibu na pale ilipokuwa.

Tuliyajaribu yote matatu, na hapa sharti niseme jambo kuhusu namna ya kujaribu gari. Muuzaji hupenda umzungushe mtaani, dakika kumi, kwenye lami nyororo, redio ikiimba. Jaribio hilo humwonyesha mnunuzi rangi ya dashibodi tu. Tuliweka petroli na dizeli yetu wenyewe, tukaenda Rironi, tukateremka Mai Mahiu, tukageuza na kupanda tena tukiwa watu watano ndani. Katika kupanda huko Mazda haikuonyesha kwamba imebeba mtu: ukikanyaga, inaondoka. Outback ilipandisha sauti ya injini kama ilivyo desturi ya CVT, ikapita lori kwa utulivu ikiwa dereva amejipanga mapema. Harrier ilifika, lakini baba, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, aliachilia mara mbili nafasi ambazo kwa yale mengine mawili alizitumia. Sikumwuliza kitu, alisema mwenyewe.

Bibi ndiye aliyekuwa mtihani wa pili, na kwangu ulikuwa na uzito sawa na ule wa mlima. Kwenye yadi kulikuwa na Prado ambayo baba alitaka hata hivyo aionyeshe. Muuzaji alimfungulia mlango wa nyuma na kumwambia kwa heshima, "Mama, shika hapo juu ujivute." Bibi akatazama kile kishikio, akatazama ngazi ya pembeni, akamjibu, "Mwanangu, nikishika hapo juu, goti atanishikia nani?" Harrier na CX-5 aliingia, ila ilimbidi akae pembeni mwa kiti kwanza kisha ajisukume ndani, na wakati wa kutoka mguu wake ulitafuta ardhi kwa muda. Outback, kwa kuwa mwili wake ni wa gari la familia lililoinuliwa, ina kiti kilicho karibu na kimo cha kiti cha nyumbani. Aligeuka, akaketi, akaingiza miguu. Chini yake bado kuna nafasi ya milimita 200 kutoka ardhini, ambayo kwa matuta ya Kapsabet na barabara ya vumbi ya nyumbani kwao inatosha, mradi tu dereva asisahau kwamba pua ya gari hilo ni ndefu.

Ndani, viti vya nyuma vya Outback vilimpokea bibi na watoto wawili bila kiwiko cha mmoja kuingia ubavuni mwa mwingine, na buti lake la lita 559 lilimeza mabegi bila kuziba kioo cha nyuma. CX-5 ni fupi kwa sentimita 27, na ufupi huo ulionekana palepale kwenye magoti ya bibi. Kwa familia ya watu wanne wenye miguu mizima, nisingelitaja kabisa.

Tukaja kwenye orodha ya mama. Vifaa vya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani vina tabia ya kufa vikivuka bahari. Redio ya FM ya huko hushika masafa ya 76 hadi 95, ilhali stesheni zetu zimeenea kati ya 88 na 108, kwa hiyo nyingi huzisikii. Ramani ndani ya skrini ni za Tokyo na Osaka, na maandishi ni ya Kijapani. Mara nyingi watu huing'oa skrini yote na kuweka nyingine, kisha wanashangaa kamera ya kurudi nyuma imezimika kwa sababu ilikuwa imeunganishwa na ile ya kwanza. Nilimshauri mama aihesabu skrini kubwa kama gharama, asiihesabu kama faida. Kilicho salama ni taa: Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, hivyo mwanga wa taa za mbele unaelekea pembeni mwa barabara inavyotakiwa na hauwapofushi wanaokuja. Tuliliegesha kila gari mbele ya ukuta wa yadi magharibi ilipokuwa ikiingia na kuwasha taa za chini, na Harrier moja iliyokuwa safi kwa kila kitu ilionekana taa yake ya kulia ikimulika juu zaidi ya mwenzake, dalili kwamba pua iliwahi kufunguliwa.

Mfumo wa kudhibiti mwendo unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndicho kifaa pekee katika orodha ile ambacho hupunguza uchovu kweli. Outback hutumia EyeSight, yaani kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele, ilhali Mazda hufuata gari la mbele kwa rada. Kati ya Kibwezi na Voi, na tena kuelekea Mackinnon Road, ambako barabara hunyooka na kumlaza mtu usingizi, mfumo huu humpumzisha mguu dereva na kumwekea nafasi ya kutosha nyuma ya lori. Kule Timboroa hauna kazi. Ukiuacha uwashwe nyuma ya trela, utalifuata trela hilo kwa subira hadi Eldoret. Tuta lisilopakwa rangi haulioni. Kusaidia kukaa katika njia nako hutegemea mistari ambayo sehemu nyingi imefutika. Kwa EyeSight kuna tahadhari moja zaidi: kioo cha mbele kikipasuliwa na jiwe la lori, jambo la kawaida kwetu, kioo mbadala lazima kiwe kinachofaa kamera hizo, na kamera zenyewe zipimwe upya. Yuko muuzaji mmoja aliyetuonyesha Outback ambayo taa ya kuonya kuhusu EyeSight haikuzimika baada ya injini kuwaka, akasema ni "kwa sababu ya vumbi". Tuliondoka.

Sasa, kwa nini Mazda haikuchukuliwa, ingawa ndiyo iliyoshinda mlimani? Sababu iko Donholm. Injini ya dizeli ya kisasa ina filta ya kunasa masizi kwenye bomba la moshi. Filta hiyo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la takriban nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likienda mwendo wa maana kwa muda bila kukatizwa. Gari la familia hii hutoka nyumbani, hukaa kwenye msongamano wa Jogoo Road, huzimwa shuleni, huwashwa tena, huzimwa kazini. Usafishaji huanza na kukatizwa, siku baada ya siku. Kila usafishaji unapoanza, injini hunyunyiza dizeli ya ziada, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka na kuchanganyika na oili. Mazda wenyewe wanalijua hilo: kijiti cha kupimia oili cha injini hiyo kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, kumwonya mwenyewe kwamba oili imepanda kwa kuingiliwa na dizeli na inatakiwa kubadilishwa. Tulichomoa kijiti cha CX-5 mojawapo pale yadini na oili ilikuwa imeikaribia X hiyo, nyepesi kwenye vidole, ikinuka dizeli. Gari hilo lilikuwa limetoka Japani muda mfupi tu, ambako dizeli ina salfa kidogo kuliko ya kwetu, ambayo tangu 2015 imewekewa kikomo cha sehemu 50 kwa milioni.

Baba alileta hoja ya mafuta, na kwa mhasibu ilikuwa hoja ya haki. Safari ya kwenda na kurudi Kakamega, kilomita 800, ingeinywesha Outback lita 73 hivi kwa wastani wa kilomita 11 kwa lita, na Mazda lita 53 kwa wastani wa kilomita 15. Ni tofauti ya lita 20, na hata ukiongeza kwamba dizeli wakati huo ilikuwa chini ya petroli katika bei ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza kila tarehe 14, haikufika shilingi elfu tano kwa safari. Kwa safari chache kwa mwaka, fedha hiyo inamezwa na ziara moja ya filta kwa fundi. Lau wangekuwa wanaishi Nakuru, au baba angekuwa mtu wa kuzunguka kaunti kila wiki, ningewaambia wachukue Mazda na bibi tumtafutie mto wa kukalia.

Mzozo mkali zaidi ulitoka kwa kaka wa mama, ambaye hufanya biashara na alikuja na neno moja: Harrier. "Shemeji," alimwambia baba, "Harrier ukiitangaza jioni, kesho asubuhi imekwenda." Ni kweli, soko la Nairobi linaipenda Harrier, na Subaru bado inabeba sifa mbaya ya injini za zamani zilizochoma gasketi ya kichwa cha injini na zenye mkanda wa taiming. Injini ya Outback hii, FB25, ni ya kizazi kingine na hutumia mnyororo badala ya mkanda huo. Hata hivyo jibu langu kwa shemeji lilihusu fedha: upendo huo wa soko mnunuzi huulipia siku ya kwanza, na familia iliyokaa na Fielder kwa miaka mingi haitauza gari hili kesho asubuhi. Hakuridhika, na sidhani ataridhika.

Walichukua Outback ya daraja la chini, yenye viti vya kitambaa na rimu za inchi 17. Mama alisikitika kidogo kwa ngozi, mpaka nilipomwonyesha tairi. Ya inchi 17 ni 225/65, yaani upana wa milimita 225 na ukuta wa mpira wa asilimia 65 ya upana huo, milimita 146. Daraja la juu lina inchi 18 za 225/60, ukuta wa milimita 135. Milimita kumi na moja za mpira na hewa hufanya kazi juu ya kila shimo na kila tuta kwa kilomita 400, na kitambaa hakimchomi mtu gari likiwa limeegeshwa kwenye jua la Mtito Andei. Kabla ya kulipa tuliomba karatasi ya mnada wa Japani na kulinganisha kilomita zake na za kwenye dashibodi, tukahakikisha haina alama ya R inayoonyesha gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali, kisha fundi akalipandisha na kukagua vipira vya ekseli na uvujaji wa CVT.

Bei na usajili viliacha takriban laki mbili. Bima ilichukua sehemu kubwa zaidi, na iliyobaki niliwaomba waitumie kabla ya safari ya Agosti kwa mpangilio huu: oili ya CVT ibadilishwe, kwa kuwa historia ya gari haikuonyesha kama iliwahi kubadilishwa, tairi zote nne zinunuliwe pamoja, za aina moja, kwa sababu mfumo wa Subaru wa kuendesha magurudumu yote haupendi tairi moja iwe mpya na nyingine zimechakaa, na zilizokuja nalo zilikuwa na tarehe ya 2018 ubavuni, na litafutwe tairi kamili la spea, kwani ndani ya buti kulikuwa na pampu ndogo na chupa ya gundi tu, vitu ambavyo havimsaidii mtu aliyechanikiwa tairi usiku karibu na Salgaa. Skrini ya Kijapani imebaki mahali pake pamoja na kamera yake, na muziki wa watoto unatoka kwenye simu.